Vinara wa entropia: kutoka Hanang hadi ukingo wa shimo jeusi

Ukisafiri kutoka Babati kuelekea Singida, Mlima Hanang huonekana muda mrefu kabla hujaufikia. Ni volkano iliyolala, yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, nalo eneo la Endasak liko chini yake, kati ya mashamba ya Wairaqw na malisho ya Wabarbaig. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo iliachia. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Wilaya nzima ya Hanang inajua maana ya jambo lililokwisha kutendeka lisiloweza kurudishwa.

Ajabu ni kwamba sheria za mwendo alizoandika Newton hazikatazi tope kupanda mlima. Chukua kila jiwe lililoporomoka, geuza mwendo wake, nalo litarudi juu bila kuvunja hata sheria moja. Jambo hilo halijawahi kutokea wala halitatokea, kwa sababu nyingine kabisa: namna za tope kutawanyika bondeni ni nyingi kupita kiasi, na namna za kuwa mlima ni chache. Kipimo cha wingi huo ndicho wanafizikia wanachokiita entropia. Mimina debe la mahindi na debe la maharage kwenye gunia moja, litikise, utapata mchanganyiko. Endelea kulitikisa mwaka mzima, mahindi hayatajitenga. Hakuna nguvu inayoyazuia. Ni hesabu tu: mipangilio iliyochanganyika ni mingi mno mbele ya ile michache iliyotengana. Hesabu hiyo, kazi ya Ludwig Boltzmann, hufupishwa kuwa S = k log W, fomula iliyochongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna. W ni idadi ya mipangilio, S ni entropia, na k ni namba thabiti inayobeba jina lake.

Kwa muda mrefu entropia ilichukuliwa kuwa jambo la baadaye. Kwanza vipo vitu, nafasi, wakati na nguvu. Vitu vikishakuwa vingi, ndipo entropia inapojitokeza. Tangu miaka ya 1970 kuna wanafizikia wanaoligeuza swali: je, huenda entropia ndiyo iliyo chini kabisa, na nguvu ya mvutano, hata nafasi yenyewe, vikawa matokeo yake? Nimewakusanya hapa vinara wa entropia, walio baridi kuliko wote, wakubwa kuliko wote, wa kwanza na wa pekee, kwa sababu rekodi zao zinaelekea kwenye swali hilo hilo. Tena Afrika Mashariki imo ndani ya habari hii zaidi ya tunavyoambiana.

Kinachochemka kwenye baridi kali kuliko vyote

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, jirani na Hanang, kuna Ziwa Balangida, ziwa la chumvi ambalo kiangazi kikikaza hubaki uwanda mweupe. Bonde la Balangida ni moja ya maeneo matatu ya Tanzania ambako kampuni ya Helium One ilichukua leseni za kutafuta gesi ya heliamu. Mengine ni Eyasi na Rukwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni hiyo, walitangaza kuwa Rukwa peke yake inakadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54. Gesi hii huzaliwa ndani ya mwamba. Katikati ya Tanzania umelala mwamba wa kale wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani yake urani na thori vimekuwa vikioza taratibu muda wote huo, kila atomu inayooza ikitoa kiini cha heliamu. Joto la Bonde la Ufa lilipokuja kuupasha mwamba huo, gesi iliyofungwa humo ikaachiliwa.

Hakuna elementi inayochemka kwenye jotoridi la chini kuliko heliamu: nyuzi 269 chini ya sifuri za Selsiasi, yaani takriban kelvini 4.2 juu ya sifuri kamili, pale ambapo hakuna joto tena la kutolewa. Heike Kamerlingh Onnes alikuwa wa kwanza kuigeuza kuwa kioevu, mjini Leiden mwaka 1908. Rekodi yake ya pili inanivutia zaidi. Kwa kanieneo ya kawaida ya hewa, heliamu haigandi kamwe, hata ukiisogeza karibu kabisa na sifuri kamili. Vitu vingine hupoteza entropia yao kwa kuganda, atomu zikijipanga safu kwa safu. Heliamu hubaki kioevu, inatiririka, na bado entropia yake inaelekea sifuri. Kwa hiyo mpangilio mkamilifu hauhitaji safu wala mistari. Kioevu kizima kinaweza kuwa katika hali moja tu, W ikiwa 1. Hapo ndipo mtu anapoanza kuona kuwa entropia haizungumzii fujo tunayoiona kwa macho. Inazungumzia idadi ya hali zinazowezekana, na idadi hiyo ina maana hata pale macho hayana la kuona.

Heliamu pia ni funzo la upotevu. Ikishatoka ardhini na kuingia hewani, ni nyepesi kiasi kwamba hatimaye huiacha dunia kabisa. Sumaku za mtambo mkubwa wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hupozwa kwa heliamu hadi kelvini 1.9, na mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku huitegemea pia. Gesi iliyokusanyika chini ya miguu yetu kwa mamilioni ya miaka haistahili kuchimbwa kwa pupa.

Lava baridi kuliko zote

Kaskazini zaidi, katika Bonde la Ufa hilo hilo, upo Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati zenye magadi. Lava ya kawaida mara nyingi hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 hivi. Ya Lengai hutoka kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, nyeusi na nyepesi, na mchana haionyeshi hata wekundu. Ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe ndani ya saa au siku chache.

Rekodi hii ina hesabu yake. Entropia inayobebwa na joto ni kiasi cha joto kugawanywa kwa jotoridi lake, hivyo joto lile lile likitolewa mahali penye ubaridi zaidi hubeba entropia kubwa zaidi. Kanuni hiyo ndiyo inayootesha ngano ya Basotu, wilayani Hanang. Dunia hupokea kutoka jua, lenye nyuzi zaidi ya 5,000, chembe chache za nuru zenye nguvu, nayo hurudisha angani takriban chembe 20 dhaifu kwa kila moja iliyopokea. Nishati inayoingia na inayotoka ni karibu sawa. Tofauti iko kwenye entropia, na katika tofauti hiyo ndimo jani la ngano, ng'ombe wa Mbarbaig na wewe msomaji mnamoishi.

Jina la Kitanzania lililofika mbali kuliko yote katika fizikia

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ndani ya friza ilikuwa inakwisha, naye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaigeuza kuwa dhihaka ya darasani.

Hakuacha. Akiwa Mkwawa, Iringa, alisimama mbele ya Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, akauliza swali lile lile. Darasa likacheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 makala yao wawili ilitoka katika jarida la Physics Education, wakati huo Mpemba akiwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, mkoani Kilimanjaro. Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliwahi kutaja kuwa maji ya moto huwahi kuganda, lakini jina lililobaki ni la kijana wa Magamba.

Lazima niseme wazi kuhusu maji: ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa makini na hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kubadili jibu. Ila swali la Mpemba lilikuwa kubwa kuliko maji. Kiini chake ni hiki: je, kitu kilicho mbali zaidi na utulivu kinaweza kuufikia kabla ya kile kilicho karibu? Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walitoa nadharia ya jumla iliyojibu ndiyo. Umbali kutoka kwenye utulivu, katika nadharia hiyo, unaweza kupimwa kwa entropia linganishi, kipimo cha tofauti kati ya hali moja na nyingine, na zipo njia za mkato ambazo mfumo wenye joto zaidi unaweza kuzipata na ule wa baridi ukazikosa. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Canada, waliliona jambo hilo bila utata wowote kwa kutumia chembe ndogo iliyosukumwa kwa mwanga wa leza. Kufikia 2024 lilikuwa limeonekana katika ioni zilizonaswa kwenye maabara ya Innsbruck, Austria, nalo sasa huitwa athari ya Mpemba ya kwanta. Msomaji aikumbuke entropia linganishi. Tutakutana nayo tena mahali pasipotarajiwa.

Setilaiti ya kwanza ya eksirei

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo, aliipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Kurusha karibu na ikweta kulikuwa na faida mbili: mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada, na njia ya ikweta huepuka kwa kiasi kikubwa mikanda ya chembe zenye nguvu ambayo ingevuruga vipimo.

Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kutazama anga kwa eksirei. Hadi ilipokoma mwaka 1973 ilikuwa imeorodhesha vyanzo 339. Kimoja kiliwashangaza wote: Cygnus X-1, ambacho eksirei zake zilipepesa kwa haraka mno, chini ya sekunde moja. Kitu hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko nuru inavyokivuka, kwa hiyo chanzo hicho kilipaswa kuwa kidogo sana. Wanaastronomia wa Uingereza na Canada wakaonyesha kuwa kinazungukwa na nyota kubwa na kwamba uzito wake unapita kiwango cha nyota mfu ya aina yoyote inayojulikana. Likawa shimo jeusi la kwanza kukubalika. Vipimo vya 2021 vinalipa uzito wa majua 21. Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, akakubali kushindwa mwaka 1990. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kisayansi wa kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Ninaitaja Uhuru kwa fahari, na kwa sababu moja ya kifizikia pia: katika miezi ile ile setilaiti hiyo ikipita juu ya Bahari ya Hindi, mwanafunzi mmoja huko Princeton alikuwa akijiuliza entropia huenda wapi ikimezwa na shimo jeusi.

Wenye entropia kubwa kuliko vyote vilivyopo

Mwanafunzi huyo ni Jacob Bekenstein, aliyezaliwa Mexico mwaka 1947. Mwalimu wake, John Wheeler, alimtatiza kwa swali la kikombe cha chai ya moto: ukikitupa ndani ya shimo jeusi, je, umeifuta entropia yake ulimwenguni? Bekenstein alikataa. Alipendekeza kuwa shimo jeusi lina entropia yake lenyewe, na kwamba inapimwa kwa eneo la upeo wake, mpaka ambao ukishavukwa hakuna kurudi. Hawking alipinga kwa ukali, kwa hoja kwamba chenye entropia lazima kiwe na jotoridi, na chenye jotoridi lazima kitoe mionzi, ilhali shimo jeusi halitoi kitu. Mwaka 1974 hesabu zake mwenyewe zilimwonyesha kuwa linatoa.

Matokeo yake ni fomula ambayo, kwa maoni yangu, haina mpinzani katika fizikia nzima: S = kc³A/4Għ, ambapo ħ imeshagawanywa kwa mara mbili ya pai. Ndani yake mna k ya joto, c ya nuru, G ya mvutano na ħ ya kwanta. Matawi manne ya fizikia ambayo kwingine huhitaji vitabu vinne yamekutana kwenye mstari mmoja, na jambo lililoyakutanisha ni entropia. Ukiniuliza kwa nini nalichukulia kwa uzito wazo kwamba entropia ndiyo msingi, nitakuonyesha mstari huo kabla ya kitu kingine chochote.

Namba zake zinatisha. Jua letu lina entropia ya karibu 1 ikifuatwa na sifuri 58, ikipimwa kwa k. Lisage jua hilo liwe shimo jeusi, nayo inaruka hadi sifuri 77. Shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, Sagittarius A*, lenye uzito wa majua zaidi ya milioni nne, hupita juu sana katika anga la kusini la Endasak usiku wa Julai na Agosti, ingawa macho hayalioni. Entropia yake ina sifuri zipatazo 90. Hiyo inaizidi entropia ya nuru yote iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, katika anga lote tunaloweza kulichunguza. Shimo moja, la galaksi moja. Chas Egan na Charles Lineweaver walijumlisha kila kitu mwaka 2010, wakafika sifuri 104, na karibu yote imo ndani ya mashimo meusi makubwa. Nyota, gesi, milima na viumbe havifikishi hata punje ya hesabu hiyo.

Kuna jambo la kushangaza zaidi ya ukubwa. Uwezo wa chumba kubeba mipangilio ungetarajiwa kutegemea ujazo wake. Kwa shimo jeusi unategemea eneo la ukuta. Gerard 't Hooft mwaka 1993, kisha Leonard Susskind, walilichukua jambo hili kuwa sifa ya nafasi yenyewe, si ya mashimo meusi peke yake: kila ujazo una kikomo cha taarifa, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye mpaka wake. Sentimita moja ya mraba ya upeo inabeba biti zenye sifuri kama 65.

Kuthibitisha kwa vipimo kwamba jumla ya maeneo ya peo haipungui kulichukua miaka 50 na zaidi. Tarehe 14 Januari 2025 mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa wimbi la mvutano kutoka mashimo meusi mawili yaliyogongana, kila moja likiwa na uzito wa majua 30 na kidogo. Kabla ya kugongana, maeneo ya peo zao yalijumlika kufikia kilomita za mraba 240,000 hivi, karibu sawa na Uganda. Shimo lililozaliwa lilikuwa na takriban 400,000. Uzito ulipungua, kwa sababu sehemu iliondoka kama mawimbi. Eneo likaongezeka, kama Hawking alivyotabiri mwaka 1971. Hiyo ilikuwa rekodi ya uwazi: hakuna wimbi lililokuwa limewahi kusikika wazi namna ile.

Baridi kali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa na watu

Shimo jeusi lenye uzito wa jua lina jotoridi la sehemu 60 za bilioni za kelvini, na kadiri linavyokuwa zito ndivyo linavyozidi kuwa baridi. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani, kwa kuangusha atomu za rubidi ndani ya mnara wa Bremen, walifikia sehemu 38 za trilioni za kelvini. Kwa hiyo watu wameshafika chini ya jotoridi la Cygnus X-1. Anga lenyewe, lenye kelvini 2.7, ni la moto mno mbele ya vyote viwili, ndiyo maana mashimo meusi ya leo humeza zaidi ya yanavyotoa.

Bahati adimu kuliko zote

Ikiwa entropia huongezeka tu, ilianza ikiwa ndogo. Roger Penrose, mshindi wa Nobel mwaka 2020, alikadiria uwezekano wa ulimwengu kuanza kwa mpangilio kama huo bila sababu: moja kati ya namba ambayo sifuri zake zenyewe zinahesabiwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 123. Karatasi zote za dunia hazitoshi kuiandika. Kila kumbukumbu, kila mbegu inayoota, kila asubuhi inayotangulia jioni inategemea mwanzo huo, na nadharia yoyote inayotaka kuifanya entropia kuwa msingi inadaiwa maelezo yake.

Waliothubutu kuliko wote

Ted Jacobson wa Chuo Kikuu cha Maryland aliandika makala fupi mwaka 1995. Alianza na mambo mawili tu: entropia ya upeo inalingana na eneo lake, na joto linalovuka upeo ni jotoridi mara ongezeko la entropia, kanuni iliyojulikana tangu enzi za injini za mvuke. Jotoridi alilitoa kwa William Unruh, aliyeonyesha mwaka 1976 kuwa mtu anayeongeza kasi huona utupu ukiwa na joto. Kutoka hapo Jacobson akaipata milinganyo ya Einstein ya mvutano, kamili. Hakuiweka mezani, ilijitokeza. Kama yuko sahihi, milinganyo hiyo ni ya aina moja na ile inayounganisha kanieneo, ujazo na jotoridi la gesi: ukweli kuhusu wingi wa kitu ambacho chembe zake hatujaziona.

Erik Verlinde wa Amsterdam alikwenda mbali zaidi Januari 2010, akidai kuwa mvutano si nguvu ya asili bali ni mwelekeo wa entropia kukua. Alipata sifa nyingi, na pingamizi pia. Archil Kobakhidze alisema kuwa majaribio ya Grenoble, ambako nyutroni huonekana zikikaa kwenye ngazi za kwanta juu ya kioo kutokana na uzito wao, hayapatani na wazo hilo. Mwaka 2016 Verlinde alilipanua ili kueleza mwendo wa galaksi bila kuhitaji maada nyeusi isiyoonekana. Timu ya Margot Brouwer ikapima jinsi galaksi 33,613 zinavyopinda nuru, na matokeo yakaoana na utabiri wake. Vipimo vingine vya galaksi vikaja kutofautiana nao. Mimi naona hoja ya Jacobson ina mifupa imara zaidi, kwa kuwa inadai kidogo na kupata kikubwa. Lakini Verlinde alitoa utabiri unaoweza kuangushwa na darubini, na huo ni ujasiri unaostahili heshima.

Machi 2025 Ginestra Bianconi wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alichapisha njia nyingine. Anaichukulia jiometri ya nafasi na wakati kuwa hali ya kwanta, kisha anapima tofauti kati ya jiometri iliyopo na ile inayotokana na maada iliyomo. Kipimo anachotumia ni entropia linganishi, kutoka familia moja na kile kinachowasaidia wanafizikia kuipima athari ya Mpemba. Mvutano unapokuwa dhaifu, milinganyo yake inarudi kuwa ya Einstein, na ndani yake inajitokeza namba ndogo chanya inayofanana na ile inayoharakisha kupanuka kwa ulimwengu. Bado ni mapema kumpa ushindi.

Kijana wa Hanang anayetaka kuingia katika kazi hii hahitaji kuanzia Ulaya. Kigali ipo taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa misingi ya sayansi, EAIFR, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda tangu 2018, mshirika wa kituo cha fizikia cha ICTP alichoanzisha Abdus Salam mjini Trieste mwaka 1964. Si mbali na Trieste, huko Duino, ndiko Boltzmann alikofia mwaka 1906, wakati baadhi ya wenzake walikuwa bado wanabisha kuwa atomu hazipo.

Hesabu ya kwanza iliyotimia

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya entropia kuwa msingi linatoka kwenye fomula ya Boltzmann mwenyewe. W ni idadi ya mipangilio. Mipangilio ya nini? Kwa gesi jibu ni molekuli. Kwa tope la Katesh ni mchanga, maji na mawe. Kwa nafasi yenyewe, anayesema entropia ndiyo ya kwanza lazima aonyeshe kinachohesabiwa, la sivyo ametuletea jumla bila orodha.

Mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa waliorodhesha. Kwa kutumia nadharia ya nyuzi walihesabu hali za ndani za shimo jeusi la aina maalumu, wakapata entropia iliyo sawasawa na robo ya eneo, hata ile nne ya fomula ya Bekenstein na Hawking ikatoka bila kusukumwa. Baada yao hesabu kadhaa za jamaa wa mashimo hayo zimefaulu. Yote lakini ni mashimo ya karatasini, yenye ulinganifu ambao haujaonekana katika maumbile, na la kwanza liliishi katika vipimo vitano vya nafasi na wakati. Shimo la kweli, linalozunguka, linalokula nyota jirani yake kama lile ambalo Uhuru ililiona kutoka juu ya Malindi, eneo lake tunalijua na entropia yake tunaiandika kwa mstari mmoja. Mipangilio yake bado hakuna aliyeihesabu.